"Siwati", "Telezi" na Mlango wa Gereza

Diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapwa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1973, imekwisha kuhakikiwa mara nyingi, na karibu kila mara kama ushairi wa siasa. Usomaji huo una haki yake. Mtunzi alifungwa miaka 3, toka 1969 hadi 1972, kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na mashairi yenyewe aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Hata hivyo, upo upande mmoja ambao wahakiki wameupita upesi, nao ni kile ambacho diwani inasema juu ya mtu anayebadilika akiwa kifungoni, na juu ya nani mwenye haki ya kuyapima mabadiliko hayo.

Serikali inayomfunga mtu kwa maneno yake hutaraji atoke akiwa amejirudi. Shairi la "Siwati" linalikataa tarajio hilo tangu jina lake. Kwa msomaji wa Lubumbashi, ambaye Kimvita humkwaza kuliko kimkwazavyo mtu wa pwani, yafaa kukumbusha kwamba kuwata ni kuacha. Msemaji anatangaza kuwa haachi msimamo wake, limfike litakalomfika. Lau diwani ingekomea hapo ingekuwa tamko la ushupavu, na mtu aweza kuwa shupavu miaka mingi pasipo kukua hata kidogo. Lakini limo pia shairi la "Telezi", ambamo mtu anateleza katika njia iliyolowa mvua. Mashairi haya mawili hayana budi kusomwa pamoja, kwani la kwanza lashughulikia imani na la pili mwendo. Mfungwa akubali kuteleza bila kukiri kwamba alipotea njia. Fani nayo yaunga mkono usomaji huu: mtu aliyeingia gerezani kwa waraka wa nathari, uliosema wazi kila ulichokusudia, alitoka na mashairi kama "Mamba" na "Jipu", ambayo hoja yake imevikwa fumbo.

Hapa lugha yenyewe yaweza kumpotosha mhakiki. Fungua imetokana na funga kwa kiambishi cha kutendua, kama zibua na ziba, kana kwamba kufunguliwa hukifuta kifungo. (Kiswahili cha mitaani Lubumbashi, kisemapo mtu "ametoka boloko", ni kiaminifu zaidi: chataja kutoka tu.)

Suala hili si geni kwa mji huu. Kanali Eddy Kapend, aliyehukumiwa kifo Januari 2003 na mahakama ya kijeshi katika kesi ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila, alikaa kifungoni karibu miaka 20 akishikilia kwamba hana hatia. Tarehe 8 Januari 2021 alitoka gereza la Makala, Kinshasa, kwa msamaha wa Rais Félix Tshisekedi. Oktoba 2022, akiwa jenerali, aliteuliwa kuongoza eneo la 22 la kijeshi, ambalo makao yake ni Lubumbashi. Ni nadra kumwona mfungwa akipewa nafasi ya pili iliyo kubwa namna hiyo. Lakini msamaha wa rais hufuta adhabu, haufuti hukumu. Aliyedai kuwa hana kosa huachiwa bila kujibiwa. Abdilatif naye alitunukiwa mwaka 1974 tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kuisoma tuzo hiyo kama suluhu ni wepesi mno. Mtunzi alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 1979, miaka ambayo Taasisi ilikuwa ikiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981. Nafasi ya pili aliipata kwa kazi, tena nje ya nchi iliyomfunga.

Diwani ina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Miaka 3 si miaka 20, na aliyefungwa kwa maoni si sawa na aliyefungwa kwa wizi au kwa kuua. Huyu wa pili analo la kuacha kweli, na "Siwati" haimfai. Huenda "Telezi" ikamfaa. Fasihi ya Kiswahili ya gerezani, kuanzia diwani hii hadi riwaya ya Haini ya Adam Shafi (2003), imemsemea zaidi mfungwa wa siasa. Jina la Kasapa lataja kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na gereza kuu la mji huo vilevile. Mwanafunzi anayeisoma Sauti ya Dhiki kampasini anaisoma karibu na wafungwa ambao wengi wao hawamo katika kurasa zake.