Muziki wa Solaris: Sikio Nalo Lihukumu

Riwaya ya Solaris ya Mpolandi Stanisław Lem, iliyotoka mwaka 1961, yasimulia sayari yenye bahari hai ambayo akili ya mwanadamu haiwezi kuifahamu. Je, fumbo kama hilo lastahili muziki gani?

Katika filamu ya Andrei Tarkovsky (1972), Eduard Artemyev alitumia sauti za mitambo ya umeme pamoja na utungo wa kinanda wa Bach. Kila Bach asikikapo, twakumbushwa dunia, nyumba na dhamiri. Ugeni wa sayari umo katika zile sauti za umeme. Katika filamu ya Steven Soderbergh (2002), Cliff Martinez alichanganya okestra na ngoma za chuma za Trinidad, ambazo asili yake ni mapipa ya mafuta. Humo mlio mmoja wazunguka bila kutua, na mpaka kati ya nyumbani na ugenini wafifia.

Kwa maoni yetu, Bach amliwaza mtazamaji mapema mno. Martinez, ingawa filamu yenyewe yaegemea mapenzi, alihifadhi fumbo la Lem. Basi, walimu wenzetu, tulinganishapo riwaya na filamu darasani, tusipime maneno na picha tu. Tuwafunze wanafunzi kusikiliza pia.