Psycho II Ilivyoifanyia Kazi Shaka ya Mtazamaji

Anayeketi kutazama Psycho II mara nyingi huwa amekwisha kuihukumu. Ile ya kwanza, ya Alfred Hitchcock, ilitoka mwaka 1960. Hii ilikuja 1983, miaka mitatu baada ya Hitchcock kufariki, na ilikuja katika msimu ambao sinema za Marekani zilikuwa zimejaa sehemu za pili na za tatu za filamu za visu: Halloween II na Friday the 13th Part 2 mwaka 1981, kisha Part III mwaka uliofuata. Sisi tuliowahi kununua DVD mbili za Bongo Movie ili kupata hadithi moja tunaujua moyo wa mtu anayeona maneno "sehemu ya pili" kwenye jalada. Mimi niliiweka nikitegemea damu nyingi na akili kidogo. Nilichokuta ni kazi ya ufundi iliyoijenga hadithi yake juu ya dharau hiyohiyo, na siwezi kueleza ilivyojengwa bila kufichua mwisho wake.

Mwongozaji ni Richard Franklin, Mwaustralia aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha Southern California na aliyemsoma Hitchcock kwa undani. Skripti ni ya Tom Holland. Mtayarishaji, Hilton Green, alikuwa mwongozaji msaidizi wa Hitchcock kwenye filamu ya kwanza. Kwa hiyo wenye kazi hii waliijua nyumba waliyokuwa wanaiingia, tena wengine waliijua tangu msingi wake.

Tazama wanavyoanza. Filamu nyingi za mwendelezo huomba kimyakimya usiikumbuke sana ile ya mwanzo, ili usije ukalinganisha. Franklin anaanza kwa kukuonyesha tukio la bafuni lenyewe, lile la 1960, nyeusi na nyeupe, pamoja na fidla za Bernard Herrmann zinazopiga mayowe. Halafu nyumba ya kilimani inaonekana, na taratibu picha inapata rangi. Hapo amefanya mambo mawili kwa mkupuo. Mtazamaji aliyekuja kutafuta kisu amekwisha kupewa kisu, na kilicho bora kuliko vyote, kwa hiyo hana sababu ya kukisubiri kirudiwe. Na kila mtu atakapolikaribia bafu lile baadaye, akili ya mtazamaji itakuwa imejaa picha ambazo Franklin hahitaji kuzipiga upya.

Kisha hadithi inageuza viti. Norman Bates, anayeigizwa tena na Anthony Perkins, anatoka hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miaka 22. Daktari wake anasema amepona. Anayepinga ni Lila, ndugu wa mwanamke ambaye Norman alimuua bafuni, akiigizwa na Vera Miles yuleyule wa 1960. Katika filamu ya kwanza Lila alikuwa upande wa haki. Sasa yeye ndiye anayepanga njama: vikaratasi kutoka kwa "Mama", yaani mama wa Norman aliyekwisha kufa, simu za ajabu, lolote litakalomvuruga Norman mpaka arudishwe alikotoka. Watazamaji wa vibanda vyetu vya video wangeuliza swali lao la kawaida, stelingi ni nani na adui ni nani, na Holland amehakikisha jibu linabadilika kila baada ya robo saa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu moyo wa filamu uko hapa. Tunamjua Norman. Tumeona alichofanya. Lila anataka kila mtu amwone Norman kama muuaji aliyejificha, na sisi tumeingia ukumbini tukimwona hivyohivyo, kwa hiyo tangu mwanzo tuko upande wa Lila bila kuulizwa. Franklin halitaji jambo hili popote; anatuachia tulihisi kupitia vitu vidogo. Usiku ambao msichana mhudumu wa mgahawa, Mary, analala kwenye ile nyumba, Norman anamtengenezea sandwichi. Ulimi unamkwama anapofika kutaja visu. Perkins hakodoi macho wala hatoi jasho. Anasita tu, kama mtu mwenye haya, na ni sisi tunaoliona bafu lile nyuma ya kusita kwake. Mzigo wote wa hofu uko kwa anayetazama. Ungemwonyesha tukio hilo mtu asiyeijua filamu ya kwanza, angeona mwanamume mpweke anayemkarimu mgeni.

Halafu Mary anaingia kuoga. Kamera inakaa mahali tunapopajua, maji yanamwagika kama yalivyomwagika 1960, na hakuna anayeuawa. Na baadaye, kijana anapochomwa kisu kwenye chumba cha chini ya nyumba, Norman amefungiwa darini. Filamu inatupa ushahidi mkononi kwamba si yeye, nasi bado tunamshuku. Ukitaka kujua matarajio hafifu yanaweza kufanya nini yakiangukia kwa mwandishi makini, tazama mfululizo huo. Tulidhani tunakwenda kuona mauaji mengine, tukajikuta tunamkatalia mtu nafasi ya kupona.

Muziki nao umechukua upande. Jerry Goldsmith hakujaribu kushindana na fidla za Herrmann. Alimwandikia Norman wimbo laini, wenye piano, karibu na bembelezi, na tangu unapousikia unajua kuna mtu katika filamu hii anayemhurumia Norman bila masharti. Mpiga picha, Dean Cundey, alikuwa amepiga Halloween ya 1978, kwa hiyo alijua vizuri kiasi gani cha giza kinatosha kuficha mtu nyuma ya mlango. Humu mara nyingi analitumia giza hilo mahali pasipo na mtu.

Si yote yaliyofaulu. Kifo cha Lila, kisu kikipita kinywani, ni zawadi kwa wapenda damu wa miaka ile, na kinavunja ustaarabu ambao filamu ilikuwa imeujenga kwa subira. Mtu tuliyemfuata kwa hasira na uchungu wake wote alistahili kifo kinachomhusu yeye. Humo ndani pia njama zimesongamana mno. Ukifika saa ya pili unahitaji kalamu kujua nani alimpigia nani simu.

Lakini mwisho unarudisha heshima yote. Bi. Spool, mhudumu mzee wa mgahawa ambaye tumempita mara kadhaa bila kumtupia jicho, anakuja jikoni kwa Norman. Anakiri kwamba aliyeua ni yeye, na kwamba yeye ndiye mama yake halisi. Norman anamsikiliza kwa adabu, anamwekea chai yenye sumu, kisha anampiga koleo kichwani. Pigo moja, jikoni kwenye mwanga, bila fidla na bila ile mikato ya haraka iliyolitia umaarufu tukio la bafuni. Baada ya filamu kumtetea kwa saa karibu mbili, tunamwona Norman akiua kwa mkono wake mwenyewe, na tunajua kwamba kundi zima la watu, sisi tukiwemo, lilifanya kazi ya kumrudisha huko.

Miaka mitatu baadaye Perkins mwenyewe aliongoza Psycho III. Humo Norman ni muuaji tangu mapema na kila mtu ukumbini anajua, kwa hiyo shaka iliyoiendesha filamu ya pili haikuwepo tena ya kutumia. Perkins alilazimika kutafuta nguvu kwenye taa, rangi na ucheshi wenye giza, na aliipata kwa vipande tu.