Uchafu wa Povu Hautoki Kwenye Viputo

Mchezo wa kupuliza viputo vya sabuni unajulikana na karibu kila mwalimu wa chekechea, lakini mara nyingi hupewa kisogo. Vifaa si tatizo, kwa kuwa sabuni, maji na kipande cha waya havikosekani. Tatizo linalotajwa ni uchafu: nguo zilizoloa, sakafu inayoteleza, uwanja uliogeuka tope. Katika mji wa Molo na majirani zake Turi na Elburgon, lalamiko hilo lina uzito wake. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa Msitu wa Mau. Asubuhi joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, ukungu hukaa hadi jua lipande, udongo wa asili ya volkano hulainika kwa mvua moja, na sweta lililofuliwa halina haraka ya kukauka. Mlezi anayekataa kuongeza maji juu ya hali hiyo hajakosa akili. Hata hivyo, makala hii inashikilia kwamba amemshtaki asiyehusika. Viputo vyenyewe hubeba maji machache mno. Kinachochafua ni chombo, mahali na mchanganyiko, na yote matatu huchaguliwa na mtu mzima kabla mtoto hajalowesha hata kidole.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ubishi huu. Rangi za upinde wa mvua huonekana kwenye kiputo pale tu utando wake unapokuwa mwembamba kupindukia. Isaac Newton alizitumia rangi hizo kukadiria unene wa tando za namna hiyo katika kitabu chake cha Opticks cha mwaka 1704. Kiputo chenye rangi kali kina utando wa kama mikroni 1 au pungufu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua kiputo chenye kipenyo cha sentimita 5. Eneo la uso wake ni kama sentimita za mraba 79, kwa hiyo kioevu chote kilichomo kwenye utando ni takriban mililita 0.008. Viputo 1,000 vya aina hiyo vikipasuka uwanjani, jumla yake ni mililita 8, kiasi kisichojaza vijiko viwili vya chai. Ni kweli kwamba utando uliopulizwa sasa hivi huwa mnene zaidi, kwa sababu haujapata muda wa kuchuruzika. Basi tuuzidishe mara tano: tunapata mililita 40, chini ya robo ya kikombe, tena zimetawanyika uwanja mzima. Sasa tazama upande wa pili. Tone moja linalodondoka kutoka kwenye kitanzi lina kama mililita 0.05, sawa na viputo sita. Kikombe cha mililita 250 kikipinduka, humwaga mahali pamoja kioevu cha viputo zaidi ya 30,000. Hakuna mtoto wa miaka minne atakayepuliza viputo 30,000 asubuhi moja, lakini kikombe anaweza kukipindua kabla hajapuliza hata kimoja.

Hapo ndipo kasoro ya mpango uliozoeleka inapojitokeza. Mpango huo humpa kila mtoto kikombe chake na mrija wake, na unavutia kwa sababu unaonekana wa haki na unazuia ugomvi. Lakini kikombe ni kirefu kuliko kilivyo kipana, na mtoto anatakiwa akishike kwa mkono mmoja, achovye kwa mwingine, huku macho yake yakifuata kiputo kinachopaa. Tumempa kazi tatu kwa wakati mmoja, kisha tunamlaumu kwa kushindwa ile ambayo haikumpendeza. Njia bora ni kuweka chini sinia au beseni dogo lenye kitako kipana, watoto wanne au watano wakilizunguka. Sinia la kipenyo cha sentimita 25 lenye mchanganyiko wa kina cha sentimita 1 lina takriban nusu lita. Watoto watano wenye vikombe vyao wangekuwa na lita moja na robo mikononi. Sinia halipinduliwi na kiwiko, na mwalimu huliongeza kidogo kidogo kutoka kwenye chupa anayobaki nayo mwenyewe. Kifaa cha kupulizia nacho kina hesabu yake. Kitanzi cha waya kilichozungushiwa uzi wa pamba hushika kioevu na kukilisha utando taratibu, hivyo mtoto huchovya mara chache, na kila uchovyaji uliopungua ni matone yaliyopungua. Kwa watoto wakubwa kidogo, bua la jani la malenge, ambalo lina uwazi ndani, hufanya kazi ya mrija. Baada ya mchezo hutupwa kwenye lundo la mbolea, wala hakuna plastiki ya kuokota.

Kuhusu mahali, kosa la kawaida ni kuchagua baraza ya saruji kwa kudhani kwamba ni rahisi kusafisha. Saruji hainywi kioevu cha sabuni upesi. Hukiacha juu kikiwa utando unaoteleza, na watoto wanaokimbia wakitazama juu ndio wa mwisho kuuona. Uwanja usio na majani nao hugeuka tope. Jibu la nyanda za juu tayari linaota lenyewe: zile nyasi za kikuyu ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki. Husokotana na kufanya zulia zito, huruhusu maji kupenya, na huzuia viatu visifike kwenye udongo. Sinia likihamishwa hatua chache kila mara, hakuna sehemu moja inayokanyagwa hadi ikachakaa. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii: kiputo kikigusa kitu kilicholowa mara nyingi hakipasuki, bali hukaa juu yake kikiwa nusu duara. Majani yenye umande hutoa jukwaa hilo bila gharama. Watoto nao wasimame wakiupa upepo mgongo, ili kinachopasuka kipasukie mbele yao, mbali na macho yao, na kamba ya nguo isiwe upande unakoelekea upepo.

Mchanganyiko ndio eneo ambalo Molo inapaswa kuacha kuiga. Kanuni nyingi zinazosambazwa huongeza sukari au gliserini, wakati mwingine zote mbili, na kwa kiasi kikubwa. Zina mantiki yake, lakini mantiki hiyo ni ya mahali pengine. Utando wa kiputo hufa kwa njia mbili kuu: kioevu huchuruzika kuelekea chini hadi sehemu ya juu inakatika, na maji hugeuka mvuke. Sukari na gliserini hupambana hasa na njia ya pili, kwa kuyazuia maji yasiondoke. Mahali penye jua kali na hewa kavu, msaada huo ni wa lazima. Asubuhi ya Molo yenye ubaridi na ukungu, hewa imekwisha kujaa unyevu na utando haukauki haraka. Sukari inabaki bila kazi isipokuwa kunata kwenye vidole, kugandisha mikono ya sweta na kuita sisimizi na nyuki. Sehemu kubwa ya uchafu wa kunata unaolaumiwa kwenye sabuni ni uchafu wa sukari. Iondolewe. Alasiri za Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, gliserini kidogo itatosha, na hiyo wengi wanayo nyumbani kwa ajili ya ngozi iliyopasuka kwa baridi.

Njia ya kwanza ya kifo, ile ya kuchuruzika, inahitaji kitu cha kuupa utando mnato na uwezo wa kuvutika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionyesha kwamba molekuli ndefu zenye umbo la minyororo husaidia utando uvutike bila kukatika, na kwamba mchanganyiko wa minyororo ya urefu tofauti hufanya vizuri zaidi. Wanga ni wa jamii ya molekuli za namna hiyo, na Molo ni nchi ya viazi. Kiazi kikikunwa ndani ya maji na maji hayo kuachwa yatulie, wanga hutuama chini. Kijiko kimoja chake kikipikwa katika lita moja ya maji hadi kuwa uji mwepesi sana, kikapoa, ndio msingi wa mchanganyiko. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iongezwe sehemu moja kwa kumi. Kuongeza zaidi kuna faida ndogo, kwa kuwa uso wa maji ukishajaa molekuli za sabuni, zinazozidi hujikusanya vifundo ndani ya kioevu, na kinachoongezeka zaidi ni utelezi na ukali machoni. Maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati yanafaa kuliko yote. Hayana chokaa inayopigana na sabuni, hasa ya kipande, kama ilivyo kwenye visima vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe.

Baridi ina zawadi nyingine. Pumzi ya mtoto hutoka ikiwa na joto linalozidi nyuzi 30. Ikifungwa ndani ya kiputo na kuachiwa kwenye hewa ya nyuzi 10, huwa nyepesi kuliko hewa inayoizunguka kwa takriban asilimia 8. Tofauti hiyo inaweza kuubeba uzito wa utando wa kiputo kikubwa na kukipandisha kwa sekunde chache, hadi hewa ya ndani ipoe. Katika joto la Mombasa tofauti hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kiputo hutegemea upepo. Sweta nazo zinasaidia: nyuzi za manyoya zilizosimama hukishika kiputo mbali na kitambaa chenyewe, kikaweza kudunda mkononi bila kupasuka. Mazingira yanayotajwa kuwa kikwazo, yakitazamwa kwa jicho la ufundi, ndiyo yanayoupa mchezo huu ubora wake.

Pingamizi zito zaidi ni la afya. Wazazi wa Molo wanaiogopa nimonia, na hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Nimonia huletwa na vimelea, hailetwi na kiputo. Lakini mtoto aliyeloa hupoteza joto upesi, na hakuna mwalimu mwenye busara atakayemwacha hivyo kwenye ukungu. Hapa hesabu ya awali inarudi na maana yake kamili. Kama watoto wanaloa chapa, chanzo ni vikombe vilivyomwagika, na sinia limeshughulikia hilo. Linalobaki ni mikono kulowa. Mikono ya sweta ikunjwe, mchanganyiko uwe vuguvugu, mchezo uanze saa nne jua linapoanza kupasha na umande haujakauka wote, na uishe kabla vidole havijafa ganzi. Kuhusu macho, sabuni inawasha, kwa hiyo jagi la maji safi liwe karibu, na sabuni ya unga, ambayo ni kali zaidi, isitumike. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe mrija wala bua, kwa kuwa bado huvuta badala ya kupuliza, apewe kitanzi. Na ndoo ya maji isiachwe wazi bila mtu, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi.

Wengine watasema ni israfu kuchezea sabuni na maji ambayo nyumba nyingine huyabeba kwa mitungi. Jibu ni kwamba watoto watano wanatumia nusu lita, na kinachosalia kinaweza kupigia deki darasa. Kinachopaswa kumwagwa kimwagwe kwenye nyasi, mbali na kijito. Mto Molo unateremka hadi Ziwa Baringo, na wanaoishi huko hawana sababu ya kupokea sabuni yetu. Kuna pia pingamizi la walimu wanaouliza kama mchezo uliopangwa kiasi hiki bado ni mchezo. Ni swali la haki. Lakini masharti yote yaliyotajwa yanamhusu mtu mzima: chombo gani, majani yapi, sabuni kiasi gani. Mtoto hapangiwi apulize vipi, akimbilie wapi wala apasue kiputo cha nani. Mpangilio mbovu ndio unaoleta amri zisizoisha, shika vizuri, usimwage, simama hapo, kwa sababu kila kikombe ni ajali inayosubiri kutokea.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya kucheza. Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo Kaunti ya Nakuru, ambamo Molo imo, ina nafasi ya kuwapa walimu wake wa madarasa ya chekechea, PP1 na PP2, mwongozo unaolingana na hali ya hewa ya nyanda za juu. Mwongozo huo hauhitaji bajeti kubwa. Mwalimu anayeweza kubadilisha jambo moja tu na abadilishe chombo, kwa kuwa humo ndimo karibu kioevu chote kinamomwagika. Anayeweza mawili na ahamie kwenye nyasi. Anayeweza matatu na aache sukari. Akishafanya hayo, na bado akaona mchezo huu unachafua kuliko kuchora kwa rangi au kula uji, atakuwa na haki ya kuufuta kwenye ratiba.