Ufundi wa Rubani na Ushahidi wa Askari wa Ardhini

Urubani wa kijeshi husifiwa zaidi kwa ushujaa, lakini anayechunguza jinsi marubani wa Vita Vikuu vya Pili walivyofunzwa hutambua kwamba kiini chake kilikuwa ufundi, yaani ustadi wa mkono ambao mkufunzi humrithisha mwanafunzi hadi uwe mazoea. Nairobi, mwishoni mwa mwaka 1939, Roald Dahl, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam, alijifunza kurusha Tiger Moth, ndege nyepesi yenye mabawa yaliyopangwa juu na chini, ambamo mkufunzi na mwanafunzi huketi mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiwa na usukani wake. Baadaye, Nakuru ikawa makao ya mafunzo ya juu ya wanahewa wa ndege za kudondosha mabomu. Na kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa na nguvu na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa.

Somo lililodai utulivu mkubwa lilihusu kupotea kwa nguvu ya kuinua: pua ya ndege ikiinuliwa kupita kiasi, au mwendo ukipungua mno, hewa huacha kufuata mgongo wa bawa, na ndege huporomoka. Mwanafunzi alifundishwa kuisababisha hali hiyo kwa makusudi akiwa juu sana, ili mkono wake uzoee kuitambua mapema na kushusha pua, ingawa silika humhimiza kuivuta juu.

Kusoma anga hakukuwa kwa marubani peke yao: vijana wa Itumbe na sehemu nyingine za Gusii, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya ambako unyevu wa Ziwa Victoria hupanda alasiri ukazaa ngurumo na mvua ya mawe inayopukutisha majani, walikua wakizisoma dalili za anga. Hata hivyo, ukoloni uliwafungia Waafrika wa Kenya mlango wa urubani, nao waliojiunga na jeshi wakaingia katika jeshi la miguu la kikoloni, King's African Rifles, au katika vikosi vya kazi, udereva na upelekaji wa habari. Ufundi wa rubani waliujua wakiwa ardhini. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposonga mbele katika Bonde la Kabaw, Burma, mvua za msimu ziligeuza njia kuwa tope, na chakula kikaletwa kwa ndege: vitu vinavyovunjika vilishushwa kwa miavuli, ilhali mchele ulitupwa ndani ya magunia mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie punje. Ili mzigo uangukie palipokusudiwa, rubani alilazimika kupita chini na polepole kati ya vilima na mawingu, karibu na mpaka uleule wa kuporomoka aliozoeshwa kuutambua.

Rubani alitunza daftari la safari, lililoandikwa tarehe, aina ya ndege, muda na kazi ya kila mruko. Askari wengi hawakuwa na daftari la namna hiyo, na kumbukumbu zao zilibaki katika masimulizi ya nyumbani. Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, Wakenya walianza kuandika madaftari yao wenyewe, lakini hayo hayafuti thamani ya ushahidi wa wazee wa Burma. Daftari huthibitisha kwamba ndege iliruka na kurudi. Kwamba mkono ulioiongoza ulikuwa hodari, anayeweza kuthibitisha ni askari aliyeufikia mchele wake.