Kamba na Istilahi: Kufunga kwa Kijapani na kwa Kiswahili

Mfugaji wa Balangdalalu, wilayani Hanang, asemapo kwa Kiswahili kuwa amemfunga ndama wakati wa kukama, hadhani kuwa ametaja sanaa. Ametaja kazi ya kila siku. Mjapani naye atumiapo kitenzi "shibaru", yawezekana anafunga kifurushi kwa uzi, au anamweleza mtu aliyebanwa na sheria. Ndiyo maana istilahi za ufungaji wa kamba wa Kijapani, kama zilivyoenea nje ya Japani, zastahili kupimwa. Jina la tendo la kawaida, "shibari", limepandishwa cheo likawa jina la sanaa ya watu wazima wafungwao kwa hiari yao. Hali Wajapani wana neno mahsusi zaidi, "kinbaku", yaani kufunga kwa kukaza.

Kosa hilo ni dogo. Lililo kubwa limo katika maneno mengine. "Takatekote", namna ya kufunga mikono nyuma ya mgongo, ni jina lililoundwa kwa kutaja mkono wa juu na mkono wa chini, nalo ni kongwe kuliko sanaa yenyewe: ni neno la mateka na wahalifu. Katika enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, kufunga mahabusu kulikuwa elimu kamili, iitwayo "hojojutsu". Mchoraji Ito Seiu (1882–1961) aliichunguza elimu hiyo, akaifanya kuwa picha. Kamba ikatoka gerezani ikaingia faraghani, na maneno yakaifuata. Lakini ridhaa, ambayo ndiyo tofauti kati ya mahabusu na mtu huru, haikupata alama yoyote katika maneno hayo.

Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi ya kunyamaza hivyo. Kufunga ni kitenzi kipana mno: hufungwa mzigo, saumu, ndoa na safari. Walakini kitendwapo kwa mtu, kauli ya kutendwa imekwisha kumilikiwa na jela: "amefungwa" ni kusema yumo gerezani, na "mfungwa" hakuulizwa. Atakayemwita mfungwa mtu aliyejitolea atakuwa amemhukumu kabla ya kumweleza. "Kujifunga" nako hakufai, kwa kuwa humwondoa mfungaji. Wala "kufungana", kwa kuwa humfanya kila mmoja kuwa mfungaji. Tena, katika lugha ya pwani ambayo soko lake la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873, habari ya kumfunga mwanadamu haisemwi kwa wepesi.

Hapana budi basi kusema "kufungwa kwa ridhaa", maneno matatu mahali pa moja. Ni marefu, lakini yanatamka lile ambalo neno la Kijapani huliacha lidhaniwe. Ubora wa istilahi haupimwi kwa ufupi wake. Hupimwa kwa kumzuia msomaji asimchanganye aliyekubali na aliyeshurutishwa.