Msomaji wa Moshi

Alipofika hakuuliza jiko liko wapi. Alisimama uani, kiondo kikiwa bado begani, akalitazama paa la jikoni kwa muda mrefu kuliko adabu ya mgeni inavyoruhusu. "Mabati haya ni ya lini?" akamwuliza mama. Mama alikuwa amejitayarisha kueleza habari za jiko, si za paa, akajibu kwa mkato kwamba ni ya mwaka jana. "Ee," akasema, akavua ndara mlangoni, akainama, akaingia.

Kwetu ni upande wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, kwenye vilima ambako ukungu hushuka mapema na moto wa jikoni si wa kupikia tu. Jiko lilikuwa limeanza kuugua tangu mvua za Machi. Ni lile la kuni la kujengewa, ambalo vijijini huitwa jiko kisasa ingawa usasa wake umeshafikia umri wa kuwa na wajukuu: bakuli la udongo uliochomwa, likazungushiwa tope. Moshi ulikuwa ukirudi mdomoni, kule kule unakoingizwa ukuni. Maharagwe yalibandikwa baada ya chai ya asubuhi, na watoto wakirudi kutoka shule waliyakuta bado yanagonga sufuria. Kuni za wiki ziliisha kwa siku tatu. Ndugu yangu alikwisha kutoa hukumu: libomolewe, inunuliwe meko ya gesi. Jembe alikuwa nalo mkononi. Mama ndiye aliyesema aitwe kwanza omong'ina wa ng'ambo ya mto. Omong'ina ni jina la heshima kwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi. Sikuwahi kumsikia bibi yule akiitwa vingine.

Nimeona mafundi wengi, wa magari, wa simu, wa mifereji ya maji. Sijaona mwingine aliyechelewa kiasi kile kukigusa kitu alichoitiwa.

Aliketi kwenye kigoda, akataka moto uwashwe. Si moto wa kumwonyesha yeye, bali wa kila siku, kwa kuni za kila siku na sufuria ya kila siku. Mke wa ndugu yangu, kwa kuona haya, alikuwa amekwisha kuzoa jivu na kupanga kuni kavu alizoazima kwa jirani. Omong'ina akazitoa nje kwa mkono wake mwenyewe. "Mgonjwa ukishampaka mafuta," akasema, "nitaionaje ngozi yake?" Zikaletwa kuni za kweli, za mkaratusi uliopasuliwa juzi. Akachukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio. Ukuni mkavu hulia kwa sauti kali, karibu uimbe; mbichi hudunda tu, kama kiganja kwenye mgongo wa ng'ombe. Zetu zilidunda. Moto uliposhika akatuonyesha ncha za nje zikitoka povu na kulia shii. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto uliopewa kazi ya kuchemsha maji ya ndani ya ukuni haubaki na nguvu ya kuchemsha yale ya ndani ya sufuria. Yeye hakueleza hivyo. Alisema, "Nyinyi mnapika kuni."

Ndugu yangu akadhani shauri limekwisha. Kuni mbichi, basi. "Hiyo ni homa," omong'ina akamwambia. "Ugonjwa bado."

Akaomba gunia, akalilowesha maji. Akatupa konzi ya majani mabichi juu ya makaa, akaliziba tundu la juu kwa gunia lile. Moshi ukakosa njia, na moshi uliokosa njia hausitiri kitu: ukaanza kuchungulia kwenye nyufa ambazo hakuna aliyejua kwamba zipo, mmoja ubavuni karibu na sakafu, mwingine nyuma, mwembamba kama uzi. Akazitia alama kwa kipande cha mkaa. Kisha akangoja. Hatukuzoea kumwona fundi akingoja. Mama alimletea chai, akainywa yote, akaomba nyingine. Jiko lilipopoa akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa huku macho ameyafumba. Ndani ya bakuli mna vinundu vitatu vya kushikilia sufuria. Kimoja kilikuwa kimevunjika, viwili vimelika. Sufuria ilikuwa imeshuka, ikaukalia ukingo kama kifuniko. Akaibandika, akaingiza kidole chake cha mwisho kati ya sufuria na ukingo, akajaribu kuzunguka nacho. Kikakwama.

"Hapa ndipo moto unapopumulia," akasema. "Kidole hiki kipite pote, kisilazimishwe, wala kisicheze." Pengo likizidi, moto hukimbia na joto lake, likipungua, moshi hurudi ulikotoka.

Nilipokuwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, jiko la nyanya lilikuwa amaiga, mawe matatu. Moja huitwa riiga, na neno hilo halikuishia jikoni: wazee hulitumia pia kwa tawi la ukoo, kwa hiyo mtu akikuuliza habari za riiga lenu huenda hana haja na mawe. Moto wa nyanya haukuzimika. Usiku aliufukia, kigogo cha mwati chenye kaa, juu yake jivu, na juu ya jivu kiganja chake kikilipigapiga kama anayelaza mtoto. Alfajiri alilifukua kwa kijiti, akapuliza mara chache, tukaona uso wake.

Ila siku ambazo mvua ilipenya kwenye nyasi za paa ikaangukia jivu, nilitumwa kwa jirani kuomba kaa. Nilipewa kigae cha chungu, nikakizungushia magome makavu ya mgomba kisiniunguze, na bado kiliniunguza. Umande ulinilowesha hadi magotini. Sikuruhusiwa kukimbia, kwa sababu upepo wa mbio huliwasha kaa likaishia njiani. Sikuruhusiwa kusimama nikazungumza na wenzangu, kwa sababu kaa lisilopata hewa hulala. Ulikuwapo mwendo wa kubebea moto, wala haukuwa mwendo mwingine wowote, na miguu yangu bado inaujua. Jirani naye hakutoa kaa kimya. Aliuliza kwanza: "Moto wenu umepatwa na nini?" Nilipaswa kujibu kwa ukamilifu, kama ninayeulizwa habari za mgonjwa.

Nyanya alitibu moshi kwa kusogeza jiwe. Upepo ukigeuka, alilisukuma moja kwa kisigino, upana wa vidole viwili, huku akiendelea kusonga obokima, yaani ugali. Hakuna aliyeuita huo ufundi.

Majiko ya bakuli yalikuja baadaye. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya na jadidifu, na kuni zikaanza kuzungumziwa na watu waliovaa tai. Katika miaka hiyo ya 1980 Maendeleo ya Wanawake, chama kilichokuwapo tangu 1952, kikishirikiana na serikali na Wajerumani wa shirika la GTZ, kikalipeleka bakuli lile vijijini, ndiyo maana wengine hadi leo huliita jiko la Maendeleo. Watu wa mjini walipata lao la mkaa, la bati, lenye kiuno chembamba. Omong'ina alifundishwa nyakati hizo, chini ya mti karibu na kanisa, kwa siku mbili, na soda juu. "Walinifundisha kujenga," aliniambia. "Kuugua kwa jiko nilifundishwa na mama mkwe. Naye hakuwa na jiko, alikuwa na mawe."

Kesho yake alirudi na udongo wa kichuguu, akaukanda kwa samadi na nyasi zilizokatwakatwa. Akaziba nyufa, akavifinyanga vinundu upya, akapima kwa kidole, akakwangua, akapima. Alipomaliza alitoka nje, akarudi pale pale alipokuwa amesimama jana. "Nani aliziba kule juu?"

Ni mimi. Zamani jengo la jikoni liliezekwa nyasi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi ambao moshi uliujua kama ng'ombe anavyojua zizi. Nilipotuma pesa za mabati kutoka Nairobi, nilimwagiza fundi wa paa auzibe uwazi huo kwa matofali na saruji, mama asipate baridi. Nilijisifu kwa hilo mbele ya wenzangu.

"Momura," akaniambia. Ndivyo anavyoitwa kijana, nami nilikuwa na mvi. "Ulimnunulia mama yako kofia, ukamfunika nayo pua."

Nilipanda ngazi mwenyewe, nikayabomoa matofali yale.

Msidhani nausifu moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na macho ya nyanya yalikuwa mekundu maisha yake yote, tukadhani hiyo ndiyo rangi ya uzee. Wala gesi si adui yangu. Mwenye nazo anunue. Lakini sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya bado zinapikia kuni, na wengi wa waliozungumza nasi habari za kuni tangu wakati huo walikuja mara moja. Kuna waliomletea mama jiko la bati lenye kinamba kilichopigwa ubavuni. Walilipiga picha, wakampiga picha yeye akiwa kando yake, wakaandika namba ya simu, wakaenda zao kuuza, naambiwa, hesabu ya moshi ambao haukutoka. Mlango wake ulipong'oka hapakuwa na wa kuitwa. Sasa kuku hutagia humo. Omong'ina, kwa gorogoro mbili za wimbi, alirudi mara tatu mwezi ule bila kuitwa, akaketi, akautazama moshi, akaenda zake.

Viboko na vifaru vilivyochongwa kwa mawe laini ya Tabaka vimesafiri kutoka Kisii hadi kwenye rafu za Ulaya. Kazi ya omong'ina haikuweza kubebwa. Ikivunjika hurudi kuwa sakafu. Hakuwa na mwanafunzi. Nilimwuliza sababu, akacheka: "Nani atakuja kujifunza tope?" Mjukuu wake mmoja ana duka la simu Keroka. Msichana mwerevu, hodari, mwenye kucha ndefu alizozitunza vizuri. Omong'ina alizikwa msimu wa kupalilia, miaka mitatu iliyopita.

Juzi mke wa ndugu yangu alinipigia simu kwamba moshi umeanza tena kurudi. Nikamwuliza maswali yote niliyoyakumbuka: kuni za lini, sufuria ipi, umezoa jivu? Akanijibu, tukanyamaza wote wawili. Jumamosi nikapanda matatu. Nilizigonganisha kuni, zikalia vizuri. Nililowesha gunia, nikaona ufa mmoja, nikauziba. Uwazi wa juu haujaguswa na mtu. Kisha nikapiga magoti sakafuni, nikaingiza kidole changu cha mwisho kati ya sufuria na ukingo, kikakwama hatua ya kwanza. Nikavua pete, nikajaribu kingine. Vidole vyangu ni vinene kuliko vyake. Niliinuka, nikamwita mtoto wa ndugu yangu, wa darasa la tano, nikamwomba aingize chake. Kilipita pote, kikicheza.