Sandarusi na Sponji

Methali inasema mchagua jembe si mkulima. Yaelekea aliyeitunga hakuwahi kushika mashine ya kung'arishia gari. Katika kazi hiyo kuchagua ndiko kulima kwenyewe: anayeanza, akikosea sponji na dawa ya kusugulia, ataiharibu boneti ya mwenzake kabla chai haijapoa, na ataiharibu huku ikimetameta.

Nayasema haya nikiitazama pwani ya kusini, Kilwa mpaka Lindi, kwa sababu huku rangi ya gari haina rafiki. Noah, Probox au IST inayoteremka kutoka Dar es Salaam mara nyingi imeshaishi maisha ya kwanza Japani, ikauzwa, ikavuka bahari, ikaja kuanza upya. Ikishapita Nangurukuru na kukata kwenda Kilwa Masoko, inakutana na upepo wa chumvi. Ikipandishwa Liwale, inavikwa vumbi jekundu. Ikiegeshwa chini ya mkorosho, inadondokewa na utomvu na maji ya mabibo. Ikioshwa kwa maji ya kisima cha mwambao na kuachwa ijikaukie, inabaki na madoa meupe ya chumvi na chokaa. Na jua la huku halibishi hodi.

Hata hivyo, hao wote hawamfikii kijana mwenye ndoo moja na kipande cha godoro. Chembe za mchanga wa barabarani ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Kijana akilifuta gari likiwa na vumbi kavu, au akirudisha godoro kwenye maji yale yale aliyosugulia matairi, haoshi tena, anachora. Simama saa sita mchana mbele ya gari jeusi lililooshwa hivyo mwaka mzima: pale jua linapojiakisi utaona mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, imejipanga viduara viduara kuuzunguka mwanga. Ukihama hatua moja, viduara navyo vinakufuata.

Hapo ndipo mwenye gari anapotaka ling'ae, na hapo ndipo wazo potofu linapoingia. Tumezoea kwamba kung'arisha ni kupaka. Kiatu tunakipaka, sakafu tunaipaka. Polishi ya gari haipakwi, inakwangua. Ndani yake mna unga wa chembe ngumu, mara nyingi za alumina, uliochanganywa na mafuta na maji, na kazi yake ni kusaga kingo za kila mkwaruzo hadi uso wa rangi urudi kuwa sawa na mwanga uakisiwe kwa pamoja badala ya kutawanyika. Waksi ndiyo inayopakwa, tena mwisho kabisa, na haiondoi mkwaruzo hata mmoja. Dukani chupa hizi hukaa rafu moja, zote zina picha ya gari linalowaka, na muuzaji huziita zote polishi. Anayeanza na asome maandishi ya nyuma ya chupa. Picha ya mbele haijawahi kumsaidia mtu.

Kinachoweza kukwanguliwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bati la gari la kisasa limevikwa praima, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 60, na maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Chukua karatasi ya daftari, iwazie nusu ya unene wake: hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo. Ndani ya nusu hiyo ya karatasi ndimo ilimo kinga ya rangi dhidi ya jua, na kila anayesugua huondoka na sehemu yake. Gari lililokwisha kung'arishwa mara kadhaa huko lilikotoka halitakuambia.

Mchonga vinyago wa Kimakonde hana hofu hii. Akimaliza tezo na patasi hushika msasa mkali, akashuka kwa ulio laini zaidi, akashuka tena, mpaka mpingo utoe weusi wake kutoka ndani. Kabla ya karatasi za dukani, majani makavu ya mti wa msasa yalifanya kazi hiyo hiyo. Akikwangua kupita kiasi, chini yake kuna mpingo mwingine. Mng'arisha gari akikwangua kupita kiasi, chini kuna rangi iliyofifia, halafu praima, halafu bati, halafu kesi.

Basi tuanze na cha kusugulia, kwa kuwa wengi hukimbilia chupa na kuisahau sponji, wakati sponji ndiyo inayoamua chupa itang'ata kiasi gani. Manyoya ya kondoo hukata upesi sana. Ndiyo chombo cha fundi rangi aliyetoka kupiga msasa wa maji namba 2000 na sasa anafuta alama zake. Yanaacha ukungu ambao lazima usafishwe kwa kitu laini zaidi. Maikrofaiba nayo hukata vizuri, ila hupata joto haraka. Sponji ina madaraja: ngumu ya kukata, ya wastani, na laini ya kumalizia. Usizichague kwa rangi. Hakuna kanuni inayowafunga watengenezaji. Ya machungwa ya kampuni moja inakata, ya machungwa ya kampuni nyingine inamalizia. Ibonyeze kwa kidole gumba, uone inarudi vipi. Na kwa kuwa tuko Lindi, kwenye mkoa uliojaa kumbukumbu za mashamba ya mkonge, niongeze kwamba magurudumu ya kung'arishia yanayoshonwa kwa mkonge yapo duniani na ni mazuri mno, lakini ni ya chuma. Yakigusa klia, umekwisha.

Kwa anayeanza ningemwekea mezani sponji za wastani tatu, laini moja, na chupa moja ya polishi ya wastani. Tatu za wastani kwa sababu sponji hujaa: unga wa klia iliyosagwa na polishi iliyokauka huziba vitundu vyake, ikaacha kukata na kuanza kupasha moto. Kompaundi, yaani polishi kali zaidi, aiache dukani kwanza. Najua ndiyo inayotazamwa na kila mtu, maana imeandikwa kwamba inaondoa mikwaruzo kwa dakika chache. Ni kweli inaiondoa. Inaondoa na vingine.

Mashine pia ina tabia. Ile inayozunguka kwa mhimili mmoja tu hukusanya joto mahali pamoja, na kwenye kona ya mlango, ambako vanishi ni nyembamba zaidi, sekunde chache zinatosha kuiunguza. Ile inayozunguka huku ikiyumba husamehe. Ukiikandamiza mno husimama kuzunguka, ikakusubiri upate akili. Anayejifunza aitafute hiyo ya pili, na ahakikishe sponji ni pana kidogo kuliko sahani inayoishikilia, ili ukingo wa sahani usije ukagonga bodi.

Sasa mtazame fundi anayeijua kazi. Kabla ya yote gari limeoshwa kwa ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na limepitishwa udongo maalumu unaonasa chembe zilizogandamana na rangi ambazo maji hayaziwezi. Ukipitisha kiganja juu ya boneti unasikia laini tupu, hakuna kinachokwama. Kaanza asubuhi, kivulini, upepo wa bahari haujaanza kupeperusha vumbi na bati bado ni la baridi. Kabandika utepe wa karatasi kwenye kingo na kwenye plastiki nyeusi, kwa sababu polishi ikikaukia hapo huacha weupe usiotoka. Halafu, badala ya kushambulia gari zima, anachagua kipande kimoja cha boneti chenye upana wa shubiri mbili. Anaweka matone manne kwenye sponji laini. Anaipakaza mashine ikiwa imezimwa, anaiwasha polepole, kisha anaongeza mwendo: kwenda na kurudi, kushuka na kupanda, kila mkondo ukifunika nusu ya uliotangulia. Uzito anaokandamizia ni ule wa mashine na kidogo cha mkono. Ute wa polishi unaanza mweupe, unakuwa mwembamba, unakaribia kuonekana kama maji. Anazima, anagusa bati kwa mgongo wa vidole. Vuguvugu, si moto.

Anafuta. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: anapuliza spiriti iliyozimuliwa kwa maji na kufuta tena. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha, na mtu akiyaacha anaweza kujipongeza kwa kazi ambayo mvua ya kwanza itaifichua. Kisha anawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni. Viduara vimepungua, havijakwisha. Hapo anayeanza angeinua kompaundi. Fundi anabadilisha sponji kwanza. Chupa inabaki ile ile, sponji inapanda daraja moja. Anajaribu kipande cha jirani. Tochi tena. Imetosha. Hiyo ndiyo dawa ya gari hili, na pengine si ya gari linalofuata, kwa kuwa kuna klia ngumu na klia laini, na kilichopulizwa gereji hakifanani na kilichookwa kiwandani.

Kinachonivutia katika kazi hii ni hiyo subira ya kupanda kutoka chini. Kazi nyingi hutuzoeza kuanza na nguvu kisha kupunguza. Huyu anaanza na dawa dhaifu kabisa na kuiomba ishindwe mbele ya macho yake ndipo aongeze.

Na kuna jambo wauza polishi hawaliandiki kwenye chupa. Mng'ao wa magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya na Marekani katika karne ya 19 ulikuwa na deni kubwa kwa udongo wa pwani hii. Sandarusi, yaani utomvu wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa, ilidondoka mchangani, ikafukiwa, ikawa ngumu kwa miaka na miaka, na wachimbaji wakaja kuifukua hata mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imeshatoweka. Ilikwenda Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa mbali. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, mwaka 1833; mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli. Meli zilizoleta kitambaa cha merikani zilirudi na pembe, ngozi na sandarusi.

Katika biashara hiyo nako kuchagua kulikuwa kila kitu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kilwa mwaka 1859, aliandika kirefu kuhusu sandarusi, na alizitofautisha: chakazi, iliyotoka mtini ingali changa, laini na ya bei ndogo, iliyokwenda India na China, na ile ya kuchimbwa, ngumu, ambayo ikishaoshwa uso wake hubaki na vipele vidogo vidogo. Ya kuchimbwa ndiyo iliyotakiwa na wapika vanishi. Waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani ya moto, wakaizimua kwa tapentaini. Wapiga vanishi nao walipaka tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka walisugua kwa unga wa jiwe jepesi la volkano, maji na kitambaa kizito cha sufu. Vanishi laini isingestahimili msuguo huo. Ya sandarusi ngumu ilistahimili, ikang'aa. Unga, maji, kitambaa: mng'arishaji wa Lindi angeitambua kazi hiyo bila kuelezwa.

Magari ya kwanza ya injini yalirithi utaratibu huo, na kumaliza rangi ya gari moja kulikula wiki kadhaa. Kisha magari ya Oakland ya mwaka 1924, ya kampuni ya General Motors, yakatoka na Duco, laka ya DuPont iliyokauka kwa saa badala ya siku, na vanishi za utomvu zikaanza kurudi nyuma. Wachimbaji wa sandarusi wa bara la Kilwa na Lindi hawakuwahi kuyapanda magari waliyoyang'arisha. Leo mng'ao unakuja kwetu ndani ya chupa, na tunaulipia.

Nirudi kwa anayeanza, kwa sababu bado kuna swali atakaloulizwa na kila mteja: "Fundi, na huu je?" Kidole cha mteja kitakuwa juu ya mkwaruzo mrefu wa mlango wa nyuma, wa mwiba au wa baiskeli. Apitishe ukucha juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo unaweza kufifishwa. Ukikwama, kuufikia chini yake ni kuimaliza klia yote inayouzunguka. Na penye kutu, kama ile inayoanzia juu ya magurudumu ya magari ya Kilwa Masoko, hakuna sponji wala polishi inayohusika. Hapo ni msasa, dawa ya kutu na praima. Fundi mzuri husema mapema, kabla hajataja bei: "Mzee wangu, huu nitauacha. Ukitaka utoke, nenda kwa mpuliza rangi." Mteja atanung'unika kidogo, na asipokubali, fundi amrudishie ufunguo wake.